Rifu ya "Smoke on the Water": kwa nini wengi wanaipiga na bado haifanani na ya Ritchie Blackmore?

Mwalimu wa Gita ameandika:

Ndugu wanajukwaa, ninafundisha gita, na karibu kila mwanafunzi mpya hutaka kuanza na wimbo mmoja: "Smoke on the Water" wa Deep Purple, uliomo katika albamu ya *Machine Head* ya mwaka 1972. Sishangai hata kidogo, kwa maana rifu yake, yaani lile fungu fupi la noti linalofungua wimbo na kujirudia hadi mwisho, hunasa kichwani mara moja hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika ala yoyote ya muziki.

Kinachonisumbua ni kwamba mwanafunzi akishazishika noti zote kwa mpangilio wake, sauti inayotoka bado iko mbali na ile ya Ritchie Blackmore, mpiga gita wa bendi hiyo. Inakuwa nzito na ya kuvimba, noti zinaingiliana, na ule mkato mkavu unaosikika kwenye rekodi haupo. Karatasi nyingi za mazoezi zinazozunguka huiandika rifu hii kwa kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) za noti mbili, noti ya msingi ikiwa chini na noti ya tano yake, yaani ya tano ukihesabu kupanda kutoka kwenye msingi, ikiwa juu, kama zilivyo nyimbo nyingi za roki. Nimeanza kuamini kwamba tatizo linaanzia hapo, lakini ningependa kusikia kutoka kwa watu walioichunguza rekodi yenyewe kwa makini.

Nina maswali mengine mawili yanayoambatana na hilo, kwa sababu wanafunzi huniuliza kila mara. Je, ni kweli kwamba wimbo unasimulia moto uliozuka katika onyesho la Deep Purple wenyewe? Na mnawajibu nini wale wanaodai kwamba rifu hii ni nyepesi mno, kiasi kwamba haifai kutajwa kama kipimo cha uwezo wa mpiga gita mkubwa?

Nyuzi Sita amejibu:

Mwalimu, hisia yako ni sahihi. Tatizo liko kwenye ile noti ya pili inayoisindikiza noti ya wimbo.

Rifu hii iko katika ufunguo wa G maina, yaani kundi la noti lenye G kama kitovu na sauti ya huzuni kidogo; "flati" ni noti iliyoshushwa nusu hatua. Sauti yake ya juu inakwenda hivi: G, B flati, C, kisha G, B flati, D flati, C, kisha G, B flati, C, B flati, G. Wengi huichukua kila mojawapo ya noti hizo, wakaifanya kuwa noti ya msingi, halafu wakaiwekea noti ya tano juu yake: G wanaiwekea D, B flati wanaiwekea F, na kuendelea. Blackmore anafanya kinyume chake. Noti ya wimbo anaiacha juu, na chini yake anaweka noti iliyo umbali wa nne, yaani ya nne ukihesabu kushuka kutoka kwenye noti ya wimbo: D chini ya G, F chini ya B flati, G chini ya C, na A flati chini ya D flati. Majina ya noti hayabadiliki, kilichobadilika ni nani yuko juu na nani yuko chini, na badiliko hilo peke yake linatosha kuupa wimbo sura nyingine kabisa, kwa sababu sikio hufuata sauti iliyo juu.

Kwenye gita lenyewe hii ni kazi nyepesi kuliko kodi za tano. Mpe mwanafunzi nyuzi mbili tu, D na G. Kwanza anazipiga zikiwa wazi, kisha analaza kidole kimoja juu ya zote mbili kwenye freti ya 3 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gita), kisha ya 5, na mara moja tu anafika freti ya 6 kwa ajili ya ile D flati, noti ya buluzi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo chumvi ya rifu nzima.

Sasa tuje kwenye mkono wa kulia, ambako nadhani ndiko siri kubwa zaidi iliko. Blackmore hapitishi piki, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, juu ya nyuzi hizo mbili. Anazidonoa zote mbili kwa pamoja kwa vidole. Piki, hata ipitishwe kwa kasi gani, hugusa uzi mmoja kabla ya mwingine, na amplifaya ikiwa imefunguliwa hadi sauti inakwaruza, ule mwachano mdogo husikika kama mkwaruzo mwanzoni mwa kila noti. Vidole vikidonoa kwa pamoja, noti mbili huzaliwa kwa wakati mmoja, na mwanzo wake huwa safi na mkavu. Ule mkato unaoukosa kwa wanafunzi wako unatoka hapo, pamoja na kuzizima nyuzi mara tu noti inapokwisha muda wake.

Kuna sababu ya kifizikia pia, nami huifurahia sana. Uzi wa D ulio wazi hutetemeka takriban mara 147 kwa sekunde, na ule wa G mara 196. Sauti mbili zikipita pamoja katika amplifaya iliyosukumwa hadi kukwaruza, huzaliwa sauti za ziada ambazo hakuna aliyezipiga, na mojawapo ni tofauti kati ya hizo mbili: 196 ukitoa 147 unabaki na 49. Hertz 49 ni G ya chini sana, ileile inayopatikana kwenye freti ya 3 ya uzi mnene kabisa wa gita la besi. Kwa hiyo Blackmore anapoanza peke yake, kabla besi haijaingia, gita lake tayari limeshabeba kivuli cha besi chini yake, huku noti ya wimbo ikibaki juu, ikisikika waziwazi. Anayepiga kodi ya tano kwenye nyuzi nene anaishusha noti ya wimbo yenyewe hadi hertz 98, oktavu moja chini, mahali ambapo inagombania nafasi na besi. Huo ndio uzito unaoulalamikia.

Jambo la mwisho ni muda, na hapa naomba uwe mkali kwa wanafunzi. Wahesabu kwa sauti, moja na mbili na tatu na nne na. Kifungu cha kwanza kinakaa juu ya mapigo: G kwenye moja, B flati kwenye mbili, C kwenye tatu, nayo C inashikiliwa. Kifungu cha pili hakisubiri pigo la moja. G yake inaingia kwenye ile "na" inayofuata nne, B flati kwenye "na" ya baada ya moja, D flati kwenye "na" ya baada ya mbili, ndipo C inatua juu ya tatu. Mwanafunzi anayezinyoosha noti hizo zote zikae juu ya mapigo ameshaua mwendo wa wimbo, hata kama vidole vyake viko mahali sahihi.

Msomaji wa Kumbukumbu amejibu:

Ninajibu lile swali la moto, kwa kuwa habari zake zimechanganywa sana.

Moto haukuzuka katika onyesho la Deep Purple. Ulizuka tarehe 4 Desemba 1971 katika kasino ya mji wa Montreux, Uswisi, wakati Frank Zappa na bendi yake ya Mothers of Invention walipokuwa jukwaani. Mtu mmoja katika hadhira alifyatua bastola ya fataki za ishara kuelekea darini, dari likashika moto, na jengo zima likateketea. Watu waliokolewa, na hakuna aliyepoteza maisha. Claude Nobs, mwanzilishi wa tamasha la jazi la Montreux, alikuwa miongoni mwa waliokimbia huku na huku kuwatoa vijana ndani, na ndiye "Claude" anayetajwa katika wimbo.

Deep Purple walikuwapo mjini kwa sababu walikuwa wamepanga kurekodi albamu yao mpya ndani ya kasino hiyohiyo mara tu baada ya onyesho la Zappa, wakati ambapo jengo lingekuwa limefungwa kwa msimu wa baridi. Walikuwa wamekodi studio ya kuhamahama ya Rolling Stones, ambayo ni gari kubwa lenye mitambo ya kurekodia. Lengo lao lilikuwa kupata ukumbi wenye mwangwi wa jukwaani badala ya chumba cha studio kilichozibwa pande zote. Usiku ule wakabaki na gari lenye mitambo, bila ukumbi. Kutoka hotelini waliutazama moshi ukitanda juu ya maji ya Ziwa Geneva, na mpiga besi Roger Glover ndiye aliyekuja na jina la wimbo siku chache baadaye.

Sehemu inayohusu rifu yenyewe nadhani ndiyo inayostahili kuelezwa zaidi kwa wanafunzi. Baada ya moto, Nobs aliwatafutia ukumbi wa maigizo uitwao Pavillon. Wakaanza kurekodi usiku, na kipande cha kwanza walichokishughulikia kilikuwa ni hii rifu ya Blackmore, wakati huo ikiwa haina maneno wala jina. Sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba majirani hawakuweza kulala, na polisi wakafika kuwasimamisha. Wasaidizi wa bendi waliizuia milango huku wenzao ndani wakimalizia kupiga. Kwa hiyo mnapoisikiliza rekodi hiyo, msingi wa gita, ogani, besi na ngoma mnaousikia ni kazi iliyokamilishwa huku polisi wakiwa nje ya mlango.

Pavillon hawakuweza kurudi tena. Kazi iliyobaki ya albamu ilifanyika katika Grand Hotel, hoteli iliyokuwa imefungwa kwa msimu wa baridi, ambako walipanga vifaa vyao kwenye korido na kuziziba sehemu kwa magodoro ili kudhibiti mwangwi. Gari la mitambo lilikuwa nje, na njia ya kulifikia ilikuwa ndefu ya kuchosha, kupitia vyumba na roshani, hadi wakaacha kwenda kusikiliza kila walichokirekodi. Walipiga, wakajiamini, wakaendelea na kipande kinachofuata. Mhandisi wa sauti alikuwa Martin Birch. Maneno ya wimbo wetu yaliandikwa mwishoni, mwimbaji Ian Gillan na Glover wakisimulia tu yale yaliyowapata, na ndiyo maana yanasikika kama taarifa ya habari kuliko shairi. Binafsi nayapenda kwa sababu hiyohiyo.

Sikio la Ogani amejibu:

Nakubaliana na Nyuzi Sita kuhusu umbali wa nne na kudonoa kwa vidole, lakini naona amelipa gita sifa ambayo nusu yake ni ya mtu mwingine. Sauti ile kubwa tunayoikumbuka si ya gita peke yake. Jon Lord anaipiga rifu hiyohiyo kwa ogani ya Hammond, na ogani yake haikupitishwa kwenye spika laini zinazozunguka ambazo watu wengi huzihusisha na Hammond, ilipitishwa kwenye amplifaya ya Marshall hadi ikakwaruza kama gita. Sikilizeni mwanzo wa rekodi kwa utulivu. Gita la Stratocaster linaanza pekee. Kisha inaingia hai-hati, yale matoazi pacha yanayokanyagwa kwa mguu, ya Ian Paice, pamoja na ogani. Kisha ngoma zilizobaki, na mwishoni besi ya Glover. Ukiwa makini utasikia kwamba ogani inapoingia, gita halionekani kuongezewa mwenzake, linaonekana limenenepa. Mwalimu akitaka kuipata sauti ya rekodi darasani, amtafute mwanafunzi wa kinanda.

Kuhusu wanaodai kwamba rifu ni nyepesi mno, mimi hukereka kidogo ninaposikia hoja hiyo, kwa sababu inamdhania Blackmore kuwa mtu ambaye hakuweza kufanya zaidi. Alizaliwa Weston-super-Mare, Uingereza, tarehe 14 Aprili 1945, na baba yake alimnunulia gita la kwanza kwa sharti kwamba afundishwe ipasavyo, akaanza na masomo ya gita la klasiki. Kabla Deep Purple haijaundwa mwaka 1968, alikuwa ameshafanya kazi nyingi za kurekodi kwa ajili ya wengine, zikiwemo za mtayarishaji Joe Meek. Katika albamu hiyohiyo ya *Machine Head*, wimbo wa kwanza ni "Highway Star", na solo yake aliitunga noti kwa noti kabla ya kurekodi, akiijenga juu ya mfuatano wa kodi wa aina inayosikika kwa Bach, kwa kasi ambayo wapiga gita wengi hutumia miaka kuifikia. Mtu huyohuyo, katika majuma hayohayo, aliamua kwamba wimbo mwingine unahitaji noti nne tofauti tu, ukiondoa zile zinazozisindikiza. Aliyekuwa na noti nyingi mkononi na akachagua nne amefanya uamuzi mgumu zaidi.

Tena tusisahau kwamba wimbo huu haukutarajiwa kuwa mkubwa. Wimbo waliouchagua kutoka albamu ili kuutoa peke yake mwaka 1972 ulikuwa "Never Before". "Smoke on the Water" ulitolewa peke yake Marekani mwaka 1973 tu, ukafika nafasi ya 4 katika chati ya Billboard. Kilichousaidia sana ni albamu ya jukwaani *Made in Japan*, iliyorekodiwa Osaka na Tokyo mwezi Agosti 1972. Katika toleo hilo Blackmore anauchezea mwanzo wa rifu, anaubadilisha mwendo wake kabla ya kuunyoosha, na hadhira inaitambua papo hapo. Mwalimu awasikilizishe wanafunzi matoleo yote mawili kwa kufuatana, watajionea wenyewe jinsi noti zilezile zinavyoweza kupumua tofauti.

Nikiruhusiwa kusema jambo moja la pembeni, siku zote nimeona uhusiano kati ya rifu hii na njia aliyoifuata Blackmore baadaye. Kutembeza sauti mbili sambamba kwa umbali wa nne ni utaratibu wa kale sana katika uimbaji wa makanisa ya Ulaya, wa karne nyingi kabla ya kodi tulizozizoea. Alipoondoka Deep Purple mwaka 1975 aliunda Rainbow, akarudi Deep Purple kwa albamu ya mwaka 1984, akaondoka tena mwaka 1993, na tangu albamu ya kwanza ya Blackmore's Night ya mwaka 1997 amekuwa akipiga muziki unaokumbatia enzi hizo za kale, mara nyingi kwa gita lisilo la umeme. Sidai kwamba alikuwa akiwaza makanisa alipokuwa Montreux. Nasema tu kwamba sikio lake lilikuwa likivutwa upande huo mapema.

Mwalimu wa Gita ameandika:

Nawashukuru wote kwa majibu yaliyoshiba. Nimeyajaribu maelezo ya Nyuzi Sita, na tofauti kati ya piki na vidole inasikika hata gita likiwa halijaunganishwa kwenye amplifaya. Nimebakiwa na mambo mawili. Kwanza, ni vidole gani ungependekeza kwa anayeanza, na mkwaruzo wa amplifaya uwe wa kiasi gani? Pili, katika kiitikio wanafunzi hupotea ghafla, kana kwamba wimbo umetoka nje ya ufunguo. Ninawaelezaje?

Nyuzi Sita amejibu:

Kwa anayeanza, gumba likae kwenye uzi wa D na kidole cha shahada kwenye uzi wa G, vikidonoa kwa kukaribiana kana kwamba anabana kitu kidogo katikati yake. Mara baada ya kudonoa, vidole vyote viwili virudi juu ya nyuzi na kuzizima kwa zile noti fupi. Kwenye C ya pigo la tatu asizime, aiache ilie muda wake wote.

Mkwaruzo uwe mdogo kuliko anavyotamani. Vijana wengi hufungua kitufe cha mkwaruzo hadi mwisho kwa kudhani roki ngumu ndivyo inavyotaka, wakati rekodi za mwaka 1971 zilipata ukali wake kutokana na amplifaya kupigwa kwa sauti kubwa, si kutokana na mitambo ya kuongeza mkwaruzo kama tuliyo nayo leo. Mkwaruzo ukizidi, noti mbili huyeyukiana na ile nne haisikiki tena kuwa nne. Njia nzuri ni kuanza na sauti safi kabisa, kuongeza kidogokidogo, na kusimama pale noti inapoanza kuchanika inapodonolewa kwa nguvu lakini inabaki safi inapodonolewa taratibu.

Kuhusu kiitikio, wanafunzi wako wana masikio mazuri. Beti zinazunguka G maina na F, mambo ya kawaida. Kiitikio kinakwenda C, kisha A flati, halafu kinarudi G maina. Hiyo A flati haimo katika skeli ya kawaida ya G maina, ambayo ina A ya kawaida, na ndiyo inayowafanya wahisi ardhi imesogea. Lakini wameshakutana nayo: ni noti ileile iliyojificha chini ya D flati kwenye freti ya 6. Wapigishe freti hiyo ya 6, wausikilize uzi wa D peke yake, kisha wapige kodi ya A flati ya kiitikio mara moja baada yake, na uwaache waitafute wenyewe ndani ya kodi hiyo.

Na Sikio la Ogani ana haki kuhusu Jon Lord. Ukimpata mpiga kinanda, mwambie acheze noti zilezile mbilimbili, umbali wa nne, asiongeze ya tatu.